Kumkumbuka Abdulrahman Mohamed Babu mjini Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwezi wa Agosti unapokaribia, sisi wasomaji tunaokutana hapa Tanga kusoma maandishi ya hayati Abdulrahman Mohamed Babu hupokea maswali ambayo kwa kiasi kikubwa ni yaleyale, kutoka kwa wanafunzi, wastaafu wa bandari na wa mashamba ya mkonge, walimu, na jamaa zetu wa Pemba na Unguja. Mengine huulizwa kwa heshima, mengine kwa hasira, na yote yanastahili jibu. Tumeyaandika hapa pamoja, na pale ambapo sisi wenyewe hatukubaliani na marehemu tumesema hivyo bila kuficha.

Babu alikuwa nani?

Alizaliwa Zanzibar tarehe 22 Septemba 1924, akafariki London tarehe 5 Agosti 1996, na mwili wake ukarudishwa Zanzibar kuzikwa. Kabla ya siasa alikuwa karani katika chama cha wakulima wa karafuu. Mwaka 1951 alikwenda Uingereza kusoma, na huko ndiko alikoingia katika harakati za kupinga ukoloni na kuufikia Umaksi ambao hakuuacha tena. Aliporudi mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu wa Visiwani walikiita Hizbu. Waingereza walimfunga mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi. Mwaka 1963 alijitoa Hizbu akaunda Umma Party, chama cha vijana waliojulikana kwa jina la makomredi, na baada ya Mapinduzi na Muungano alikuwa waziri hadi Februari 1972. Aliwekwa kizuizini miaka sita. Alipotoka alifundisha katika vyuo vya Marekani, kisha akahamia London, ambako aliandika makala katika magazeti ya Kiafrika mpaka nguvu zikamwishia.

Maisha hayo yalipita katika vyama kadhaa, serikali mbili, magereza ya mkoloni na ya nchi huru, na miaka mingi ya ugenini. Katika yote hayo msimamo wake kuhusu nani anafaidika na jasho la nani haukuyumba, na hilo ndilo linalotufanya tumwite mjamaa wa maisha yake yote.

Babu alikuwa Mzanzibari aliyefia Uingereza. Kwa nini akumbukwe Tanga?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Jibu la kwanza ni la undugu na bahari. Kutoka hapa hadi Pemba ni safari fupi ya chombo, na si rahisi kupita Ngamiani barabara moja hadi nyingine bila kukuta nyumba yenye mjomba Wete au shangazi Mkoani. Siasa za Visiwani za miaka ya 1950 na 1960 zilijadiliwa kwenye baraza za mji huu kama siasa za hapahapa.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika ukanda wa Pangani, Muheza na Korogwe ukaota mpaka ukameza ardhi, reli na watu. Waliokuja kuufanyia kazi, manamba, walitoka mbali, na ofisi ya kuwaajiri iliyojulikana kama SILABU iliwasafirisha kutoka mikoa ya bara na hata kutoka nje ya mipaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wajapani kuteka visiwa vya Asia vilivyokuwa vikitoa nyuzi za aina hiyo, serikali ya kikoloni iliwakamata watu kwa sheria na kuwapeleka mashambani kwa lazima. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na wakati huo hakuna nchi nyingine duniani iliyozalisha mkonge mwingi kuliko yetu. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000 kwa mwaka.

Anayetaka kuielewa hoja ya Babu na aende akaangalie jani la mkonge likifanyiwa kazi. Mkataji hulikata kwa kisu, huondoa mwiba wa nchani, hufunga majani mafungu mafungu na kuyapanga kando ya njia. Majani hupelekwa kwenye korona, ambapo mashine huyaponda huku maji mengi yakimwagika, na kinachotoka kama singa ni sehemu ndogo sana, karibu asilimia 4 ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji ya kijani yenye harufu kali na makapi ambayo kwa miaka mingi yalitupwa tu. Singa huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, hufungwa robota, na robota hupelekwa bandarini. Katika kazi yote hiyo ya watu wengi, kitu kilichokuwa kikiondoka ni malighafi ya kamba ya mtu mwingine kwa bei iliyopangwa na mtu mwingine. Babu aliandika kuhusu uchumi wa aina hii kwa maisha yake yote, na sisi tumeuishi, kwa hiyo hatuoni kwamba tunamwazima.

Hoja yake kuu ilikuwa ipi?

Kwamba uhuru wa bendera hauwezi kuwa uhuru kamili ikiwa uchumi umebaki na umbo lile lile alilolitengeneza mkoloni, yaani kulima kwa ajili ya soko la nje na kununua kutoka nje kile tunachokula, tunachovaa na tunachojengea. Aliamini kwamba nchi inapaswa kuanza na mahitaji ya watu wake, yaani chakula, mavazi na makazi, kisha ijenge viwanda vya msingi vinavyotumia malighafi ya ndani ili sekta moja iilishe nyingine. Fedha za kigeni kwake zilikuwa nyongeza tu. Hakuzikubali ziwe shabaha ya mipango.

Hapa Tanga tunayo mifano miwili ambayo huwa tunaiweka mezani kila mara tunaposoma maandishi yake juu ya hoja hiyo. Kiwanda cha mbolea kilifunguliwa mwaka 1972. Kilikuwa kikubwa, kiliajiri watu, na wenyeji walijivunia mabomba yake. Lakini sehemu kubwa ya malighafi yake ilikuja kwa meli kutoka nje. Fosfeti ya Minjingu, ambayo iko katika nchi hii hii, ilianza kuletwa miaka kumi na zaidi baadaye, na amonia na salfa viliendelea kutegemea fedha za kigeni. Fedha hizo zilipokauka, kiwanda kikadorora na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Mfano wa pili ni kiwanda cha saruji cha Pongwe kilichoanza mwaka 1980. Mawe yake ya chokaa yako chini ya miguu yetu, na wanunuzi wake ni watu wanaojenga nyumba Tanga, Arusha na Moshi. Hicho kimepita katika mikono mbalimbali na matatizo mengi, lakini kipo.

Viwanda hivi viwili haviwezi kuthibitisha nadharia nzima, na tofauti zao ni nyingi kuliko hii tuliyoitaja. Hata hivyo mtu akishaisoma hoja ya Babu kisha akasimama kwenye barabara ya Pongwe, ni vigumu kumshawishi kwamba mzee alikuwa akisema maneno ya vitabuni tu.

Je, hakuwa mpinzani wa Ujamaa na wa Mwalimu Nyerere?

Alikuwa mkosoaji wake akiwa ndani ya serikali na akiwa nje. Hakukubali kwamba kuna ujamaa wa Kiafrika ulio tofauti na ujamaa mwingine, unaotokana na udugu wa kijiji cha zamani. Aliona kijiji cha zamani kimeshavunjwa na kodi, mashamba ya walowezi na biashara, na kwamba kutaifisha mashamba na mabenki kama ilivyofanyika mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha kunaweza kubadilisha meneja tu, ikiwa kinacholimwa na mnunuzi wake hawajabadilika. Mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa mwaka huo yanamuunga mkono zaidi kuliko tunavyopenda kukiri: bendera ya shirika ilibadilika, robota zikaendelea kwenda bandarini kama zilivyokuwa.

Lakini tusimfanye kuwa adui wa Mwalimu. Alimtumikia kama waziri kwa miaka karibu minane, na katika kesi ya Zanzibar tutakayoieleza chini, Mwalimu ndiye aliyemzuia asipelekwe kwenye kamba. Wasomaji wetu wengine wanampenda Mwalimu kuliko wanavyompenda Babu, na wanakaribishwa vivyo hivyo.

Mapinduzi ya 1964 yalimwaga damu. Mnamkumbuka vipi mtu aliyekuwa sehemu yake?

Tunajua kwamba anayeuliza swali hili mara nyingi anauliza kwa sababu ya mtu wake. Zipo familia katika pwani hii zilizokuja kwa majahazi katika majuma ya Januari na Februari 1964 zikiwa na watoto na nguo za mwilini, na zipo zilizozika watu bila kuona maiti. Hatuwezi kumkumbuka Babu kwa namna inayowaambia watu hao wanyamaze.

Mambo yenyewe ni haya. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya serikali ya Hizbu na washirika wake, chini ya Sultani. Serikali hiyo iliipiga marufuku Umma Party mwanzoni mwa Januari, na Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Usiku wa Mapinduzi, kuamkia tarehe 12 Januari 1964, hakuwepo Unguja. Makomredi waliokuwepo waliingia katika mapigano yaliyokwisha kuanza na wafuasi wa chama cha Afro-Shirazi, na Babu aliporudi akapewa uwaziri wa mambo ya nje katika serikali ya Abeid Amani Karume. Watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa katika siku na wiki zile. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya idadi, na makadirio yao yanatofautiana kutoka mamia hadi maelfu mengi.

Wenzake wa Umma walidai siku zote kwamba wao walijaribu kuyapa Mapinduzi mwelekeo wa kitabaka na kuyazuia yasiwe kisasi cha rangi. Sisi tunaamini kwamba nia hiyo ilikuwa ya kweli, kwa sababu Umma kilikuwa na vijana wa kila asili, na kwa sababu Babu aliandika dhidi ya siasa za ukabila kabla na baada. Tunaamini pia kwamba nia hiyo haikutosha, na kwamba mtu aliyekubali kiti katika serikali ile alibeba sehemu ya mzigo wa yaliyotendwa kwa jina la serikali hiyo. Katika kikao chetu, mwenye kisa cha familia yake hupewa nafasi ya kukisimulia kabla ya mtu yeyote kuanza kueleza nadharia, na hakatizwi.

Kwa nini alifungwa, na je, alihusika na kifo cha Karume?

Mzee Karume aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui. Babu, ambaye miezi miwili kabla alikuwa ameondolewa katika baraza la mawaziri, alikamatwa Bara pamoja na makomredi wengine. Zanzibar ilifungua kesi ya uhaini iliyoendeshwa bila mawakili wa utetezi, na mwaka 1974 Babu alihukumiwa kifo bila yeye kuwepo mahakamani. Nyerere alikataa kumpeleka. Aliendelea kushikiliwa Bara bila kufunguliwa mashtaka yoyote huku, na aliachiwa mwaka 1978.

Babu alikanusha kuhusika, na alikanusha mpaka mwisho. Hukumu iliyopatikana bila wakili haiwezi, kwa maoni yetu, kuhesabiwa kuwa ushahidi wa hatia, na tungesema vivyo hivyo hata kama aliyehukumiwa angekuwa mtu tunayempinga. Kile ambacho hakina ubishi ni kwamba alikitumia kifungo chake kufikiri na kuandika. Kitabu chake kikuu, *African Socialism or Socialist Africa?*, kilichochapishwa mwaka 1981, kilitungwa gerezani. Ukikisoma ukijua hivyo, utashangaa kuona jinsi mwandishi anavyojisahau: hakuna malalamiko juu ya chakula, baridi wala upweke, bali ni kurasa baada ya kurasa za chuma, pamba, mahindi, na jinsi nchi maskini zinavyoweza kusimama.

Ni kweli alijuana na Malcolm X?

Ni kweli. Walikutana Cairo katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi Julai 1964, wakaonana tena Dar es Salaam mwezi Oktoba, na tarehe 13 Desemba mwaka huo Babu alihutubia mjini New York, katika mkutano ulioitishwa na Malcolm X katika ukumbi wa Audubon. Siku hiyo ndiyo Malcolm X alipousomea umati ujumbe kutoka kwa Che Guevara, aliyekuwa mjini humo kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa. Miezi miwili baadaye Malcolm X aliuawa katika ukumbi huo huo.

Vijana hulipenda sana jibu hili na mara nyingine huishia hapo. Tunawaomba wasiishie hapo.

Na reli ya TAZARA?

Babu alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa nchi hii kujenga uhusiano na China, aliyoitembelea tangu kabla ya uhuru wa Zanzibar, na akiwa waziri alishiriki katika mazungumzo ya awali. Reli yenyewe, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na sifa yake ni ya watu wengi, hasa vibarua wa Kitanzania, Kizambia na Kichina walioijenga.

Uhusiano wake na Walter Rodney ulikuwa upi?

Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika *How Europe Underdeveloped Africa*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1972. Maneno ya mwisho ya kitabu hicho, yale yanayofuata baada ya sura zote, si ya Rodney bali ni ya Babu, aliyeyaandika angali waziri. Watu wengi wamekisoma kitabu hicho bila kufika kurasa hizo. Rodney anaeleza jinsi Afrika ilivyofukarishwa. Babu, kwa ufupi na kwa haraka ya mtu mwenye madaraka anayeona muda unampita, anauliza tufanye nini kuanzia sasa. Kuzisoma kazi hizo mbili kwa mfuatano ni sawa na kuwasikiliza watu wawili waliokuwa na heshima kubwa kati yao.

Kwa watu wa Tanga kuna sababu nyingine ya kumsoma Rodney: aliutafiti pia uchumi wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na kazi ya kulazimishwa tuliyoitaja hapo juu. Aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akiwa na umri wa miaka 38.

Je, inafaa kumsomea khitma mtu aliyekuwa Mmaksi?

Swali hili huulizwa kila mwaka na mara nyingine kwa ukali. Babu alizaliwa na kulelewa katika jamii ya Kiislamu ya Zanzibar na amezikwa katika ardhi ya wazee wake. Ndugu na majirani wanaotaka kumsomea Kurani wana haki ya kufanya hivyo, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kupima moyo wa maiti. Wapo kati yetu wanaokwenda khitma asubuhi na kuja kisomo cha vitabu jioni, wapo Wakristo wanaokuja jioni tu, na wapo wasiokwenda popote kwa ajili ya dini. Kisomo chetu hakina dua rasmi, ila mtu akitaka kumwombea marehemu kimya kimya hatumzuii, na muda huchaguliwa ili usigongane na sala.

Ujamaa si umeshakufa? Mnafufua nini?

Babu aliishi mpaka akaona Ukuta wa Berlin ukianguka, Muungano wa Kisovieti ukivunjika, na Tanzania ikipokea masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wenzake wengi walibadilisha lugha yao. Yeye aliendelea kuandika kwamba masharti yale yanaturudisha kwenye umbo la uchumi wa kikoloni, na wakati huohuo akawa mtetezi wa vyama vingi, uhuru wa magazeti na haki za wafungwa wa kisiasa. Alizitetea harakati za Eritrea pia, hata pale zilipopigwa vita na serikali iliyojiita ya kijamaa. Mwaka 1995 alirudi nyumbani, chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi kikamteua kuwa mgombea mwenza wa Augustino Mrema katika uchaguzi wa rais, ingawa jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura.

Sisi hatukubali kila alichoandika. Kwa maoni yetu kitabu cha mwaka 1981 kinampa mpangaji wa serikali imani kubwa kuliko anavyostahili, na mkulima mdogo mwenye ekari mbili za mahindi na minazi michache anaonekana humo kama mtu wa kusubiri kiwanda kimwokoe. Uzoefu wa Tanga unatuonyesha kwamba mkulima huyo huyo, akipata bei na barabara, hufanya mambo ambayo mpangaji hakuyategemea. Makala zake za baadaye, zile za London, zinalisogelea jambo hili kwa upole zaidi.

Lakini swali la msingi halijafa hata kidogo. Mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yalianza kutengenezewa gesi na umeme katika shamba la Hale mwishoni mwa miaka ya 2000. Jani ni lile lile la Hindorf, na asilimia 96 iliyokuwa takataka kwa zaidi ya karne moja ilikuwa nishati muda wote huo. Ni nani aliyeamua kwamba sisi tunahitaji ile asilimia 4 tu? Ukijiuliza hivyo kwa uzito, umeshaanza kumsoma Babu, hata kama hujioni kuwa mjamaa.

Nianze kusoma wapi?

Usianze na kitabu cha 1981. Ni kigumu na kinamtaka msomaji awe ameshajua mijadala ya wakati ule. Anza na makala fupi, ambazo zilikusanywa na Salma Babu na Amrit Wilson katika *The Future that Works*, kitabu kilichotoka mwaka 2002. Baada ya hapo soma zile kurasa zake mwishoni mwa kitabu cha Rodney, ndipo uingie kwenye kitabu chenyewe. Kumbukumbu za watu waliomfahamu zilihaririwa na hayati Profesa Haroub Othman na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2001. Hizo zinasomeka kwa wepesi na zinafaa kwa mtu anayetaka kumjua Babu kama binadamu, mpenda mazungumzo na mcheshi, kabla ya kupambana na hoja zake.

Kwa kuwa maandishi haya yako kwa Kiingereza na wengi wa wasomaji wetu wanajisikia huru zaidi kwa Kiswahili, mmoja husoma aya, mwingine huieleza, na wa tatu humsahihisha. Kazi huenda polepole. Tumegundua kwamba wastaafu wa bandari ndio wanaosahihisha vizuri kuliko wote kwenye sura za biashara ya nje.

Kisomo kinaendeshwaje, na nani anaruhusiwa kuja?

Yeyote. Hufanyika jioni baada ya Alasiri, katika Agosti, karibu na tarehe 5. Tunakaa barazani kwenye mikeka na viti vilivyoazimwa kwa majirani. Kuna kahawa, kuna kashata, na nakala za kurasa za siku hiyo hupitishwa mkono kwa mkono kwa sababu hazitoshi kila mtu. Nusu ya kwanza ni kusoma, nusu ya pili ni kubishana. Hakuna hotuba za sifa. Mtu akianza kumsifu marehemu kwa zaidi ya dakika chache, mwenyekiti humwomba aonyeshe ukurasa. Agosti 2026 inatimiza miaka 30 tangu kifo chake, na kwa ajili hiyo tumependekeza kusoma kwa jioni tatu mfululizo badala ya moja.

Je, mnapokea fedha za chama chochote cha siasa?

Hapana, na bendera za chama hatuzitundiki.

Baba yangu alikuwa manamba, au alikuwa Umma, na sasa ni mzee sana. Naweza kuleta kisa chake?

Tafadhali fanya hivyo, na usisubiri Agosti. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa wamepita 80, na kila mwaka tunapoteza mashahidi. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani kwake, saa ambayo hajachoka, mjukuu akiwa karibu, na umwachie aanze na anachotaka yeye. Muulize mambo madogo: alilipwa nini, alikula nini, nani alikuwa mnyapara, walilala wangapi kambini, redio ilisema nini siku ile. Usimbishie tarehe, hizo zinaweza kutafutwa baadaye. Rekodi hubaki mali ya familia, na sisi tutaisikiliza au kuisoma hadharani ikiwa tu mzee mwenyewe amekubali, na kwa jina au bila jina kama atakavyoamua. Akisema kuna sehemu isitoke nje ya nyumba hadi afariki, basi isitoke.